Trekta Haiuzwi na Kamba Yake

Baba ameuza banda lake. Alinipigia simu kunieleza hayo kwa sauti ileile anayotumia kuniambia kwamba mbuzi amezaa, kisha akaniomba nifike Mitaboni Jumamosi nimsaidie kutoa vitu. Nikamuuliza vitu gani, maana nilijua mnunuzi amechukua kila kitu: spana, vaisi, trekta tatu zilizobaki, hata ule mtungi wa maji ya kunywa. Baba akasema, "Wewe kuja tu." Basi nikaenda.

Nilipofungua mlango wa mabati, harufu ilinishika kabla macho hayajazoea giza. Petroli, grisi, jasho la viganja, na chini ya hayo yote nyasi kavu. Wewe uliyelelewa karibu na jiko la kuni au zizi la ng'ombe una harufu yako ya kwenu. Yangu ni hii. Ukutani zilining'inia kamba kwenye misumari, kila moja na mpini wake mdogo wa mti, safu tatu kutoka mlangoni hadi dirishani. Mgeni angedhani hapa paliuzwa mbuzi. Nilishusha moja nikainusa, na papo hapo nikawa na miaka tisa, na lile kosa langu likawa bichi tena.

Baba alikuwa akinunua trekta ndogo zilizochoka, akizitengeneza na kuziuza. Sisemi zile kubwa unazoziona zikilima mashamba ya tambarare. Zake ziliundwa ng'ambo kukata nyasi kwenye bustani za watu wenye nafasi: unakaa juu yake kama umekaa kwenye stuli, unazunguka nyumba yako, nyasi zinabaki fupi. Zikizeeka, wenyewe walizisukuma stoo, kule Lukenya na Athi River, na baba alizifuata na pikapu ya kukodi. Alikuwa amegundua jambo moja rahisi sana. Mashamba yetu yako kwenye miteremko, yamekatwa matuta membamba, na trekta kubwa ikiingia kwenye tuta haina pa kugeukia. Hii ndogo inageuka. Kwa hiyo aling'oa visu vya nyasi, akafunga plau moja nyuma, akaweka magurudumu yenye meno, na mtu wa Kathiani au Kalama akapata kitu cha kulimia. Mwanzoni walimcheka, wakaziita viti vya kutembea. Walipoona kiti kimelima tuta zima kabla ya chai ya saa nne, kicheko kikapungua.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Mama, aliyefanya kazi kiwandani Athi River na kurudi nyumbani Jumamosi hadi Jumapili tu, alisema nilizaliwa nikiuliza jina la mkunga. Trekta ikifika, wa kwanza kulala chini yake kuangalia tumbo nilikuwa mimi. Humo tumboni, pale visu vilipokuwa vikizunguka, nyasi zilikuwa zimegandamana zikakauka, nami niliamini kabisa kwamba hicho ni chakula ambacho hakijasagwa, kama kile unachokiona mbuzi akipasuliwa. Chini ya viti niliokota mali: kijiko cha chai, kiatu cha mwanasesere, na mpira mdogo mweupe wenye vishimo vishimo ambao baba alisema ni wa gofu. Ule mpira niliuweka chini ya kuku aliyeatamia. Aliukalia wiki tatu, maskini, na vifaranga wenzake walipotoka nikauchunguza kila asubuhi nione kama umepata ufa.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote kilikuwa masikio ya baba. Kabla ya kununua trekta aliomba iwashwe, akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni, akafumba macho. Siku moja nilimuuliza inasema nini. Akajibu kwamba inasema mahali inapoumwa. Mtu mzima angejua hayo ni maneno tu. Mimi niliiba bisibisi ile nikaenda kwenye trekta iliyokuwa imekaa nyuma ya banda bila injini kwa miezi, nikaweka sikio, nikaiuliza wale watu wa Lukenya walikuwa na watoto wangapi.

Sasa kuhusu kamba. Trekta hizo karibu zote zilifika starta ya umeme imekufa, na betri mpya haikamatiki kwa bei. Baba alichofanya ni kufunga puli yenye mfereji kwenye injini na kuiwasha kwa kamba, na kamba hiyo haikufungwa popote. Unaingiza fundo lake kwenye pengo la puli, unaizungusha mara tatu, unavuta, kamba yote inatoka mkononi mwako na injini inaamka. Ukimaliza unaitundika kwenye ndoano kando ya kiti. Fundo lilitakiwa kulingana na pengo lile hasa: kamba nene haiingii, nyembamba inachomoka. Kwa hiyo kila trekta ilikuwa na kamba yake ya nailoni, na mpini ambao baba aliuchonga kwa mti wa mukau, na hakuna trekta iliyoazima kamba ya mwenzake.

Mimi niliona uhai uko kwenye kamba. Ungeona nini kingine? Chuma kimelala, mtu anavuta kamba, chuma kinaamka kinanguruma. Hamna kamba, kinalala. Nionyeshe mtoto wa miaka tisa atakayekuambia uhai uko kwenye petroli.

Mwaka ule mambo yalikuwa yamekwama. Baba alikuwa ameuza trekta moja nyekundu kwa mwalimu wa Kathiani, na baada ya hiyo hakuja mteja mwingine, mwezi baada ya mwezi. Jioni moja tukiwa tunakula, Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, ambaye tuliishi naye, alimtania mwanawe. Akasema, "Si wewe uliiuza na kamba yake." Baba akacheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka, na siku iliyofuata nikamfuata Susu jikoni anieleze.

Akanieleza, huku akichambua kunde, kwamba ng'ombe hauzwi na kamba yake. Mwenye ng'ombe huifungua akabaki nayo, na mnunuzi huja na ya kwake. Ukimtoa ng'ombe na kamba, umewatoa pamoja naye na wale ambao hawajazaliwa, na zizi litabaki kimya. Nikauliza, hata mbuzi? Hata mbuzi. Hata kuku? Susu akasema kuku hana kamba. Nikamkumbusha kwamba kuku wa sokoni hufungwa miguu, na kwa kamba. Akanituma nikateke maji.

Ningeliacha hapo kama si maneno niliyoyasikia Jumapili ile, baba akimwambia mama karibu na tangi la maji. Alisema kama vuli itapita bila kuuza hata moja, atafunga banda aende Lukenya kuvunja mawe, kwenye machimbo alikokuwa binamu yake, na atakuwa akija mwisho wa mwezi. Nilisimama nyuma ya tangi na ndoo yangu. Mama nilikuwa naye siku moja na nusu kwa wiki. Nikapiga hesabu ya baba kwa mwezi, na sikuipenda. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nyoka.

Wiki hiyo hiyo ndipo akaja Mama Ndinda kutoka Kalama. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, amevaa buti za mpira na kofia ya kiume, na aliuliza maswali mengi hata mimi nikamheshimu. Alitaka kujua inakunywa kiasi gani, inashika breki kwenye mteremko, na ikizama kwenye tope inatolewaje. Wanawe walikuwa mijini. Alilima na maksai wawili, Sajini na Koplo, lakini maksai wanataka mtu mbele wa kuwaongoza na mtu nyuma wa kushika plau, na yeye alikuwa amebaki mmoja. Baba akamweka juu ya trekta ya kijani. Akazunguka uwanja mara moja, mara mbili, mgongo umenyooka kama yuko kanisani, kisha raundi ya tatu akacheka peke yake kwa sauti. Nilijua ameinunua.

Walielewana hivi: Sajini na Koplo kwa trekta ya kijani. Baba hakuwa na haja ya maksai, kwa hiyo Mzee Abdi, Msomali wa Machakos mjini aliyefanya biashara ya mifugo na kumfahamu baba tangu zamani, angewachukua kulekule Kalama na kumlipa baba. Vuli ilikuwa karibu, na Ukambani hiyo ndiyo mvua yetu ya kweli. Mwenye akili hupanda kwenye vumbi, mvua ikute mbegu imelala tayari. Mama Ndinda alisema akipata trekta kabla ya Ijumaa, atakuwa amemaliza matuta yake yote kabla ya tone la kwanza. Alirudia hilo mara mbili, kwamba tone la kwanza lisimkute.

Tulimpelekea Alhamisi, trekta imefungwa nyuma ya pikapu, mimi katikati ya baba na dereva, nikiwa nimeruhusiwa kwa sababu shule ilikuwa imefungwa na kwa sababu nilikuwa nimesumbua. Mzee Abdi alitukuta huko. Aliacha lori lake barabarani akashuka kwa miguu, na begani alikuwa na kamba mbili mpya. Hakuna aliyemwambia alete kamba. Mama Ndinda akaweka kiganja kwenye paji la uso la Sajini, akakiweka na kwa Koplo, akanong'ona maneno ambayo hayakuwa yetu kuyasikia. Kisha akafungua kamba zake kuukuu akazitundika kwenye msumari wa ghala. Mzee Abdi akafunga za kwake. Akasema, "Baraka ibaki hapa kwako, mama," akaenda zake na maksai wakimfuata.

Kumbe Susu hakuwa akitania. Mwanamke mwenye akili vile, na mzee wa biashara ambaye si hata wa kabila letu, wote wanajua. Asiyejua ni baba yangu peke yake.

Baba alishusha trekta, akamwonyesha Mama Ndinda kuiwasha mara mbili, naye akaiwasha mwenyewe mara ya tatu. Baba akatundika kamba kwenye ndoano yake. Wakaingia ndani kunywa chai. Nilibaki nje naiangalia ile kamba, mpini wake wa mukau ukiwa bado mweupe, ikiuzwa pamoja na trekta yake mchana kweupe. Nikaona machimbo ya Lukenya. Nikaishusha, nikaikunja, nikaiingiza ndani ya sweta. Sikuona hatia yoyote. Nilijiona mtu mzima pekee katika familia yetu.

Nyumbani niliificha ndani ya kibuyu kibovu cha Susu, nyuma ya kitanda. Na sikiliza, ilifanya kazi. Siku mbili baadaye akaja mtu wa Mwala kuangalia trekta, akarudi siku ya pili na shemeji yake, wakaagiza moja. Baba alipiga mluzi kutoka asubuhi hadi jioni. Mimi nilitembea kama mwenye siri ya serikali. Kisha mvua ikanyesha usiku mzima juu ya mabati, na asubuhi nikamfikiria Mama Ndinda kwa furaha, mbegu zake zikinywa.

Zaidi ya wiki ilipita. Siku ya soko Mzee Abdi akapitia bandani, akakataa chai, nikajua kuna jambo. Alimwambia baba kwamba alikuwa Kalama kununua mbuzi, akamkuta Mama Ndinda analima kwa jembe la mkono, trekta imefunikwa gunia. Yeye mwenyewe hakulalamika hata neno, alisema Mzee Abdi, lakini majirani wanasema. Wanasema fundi wa Mitaboni amechukua maksai wa mjane akamwachia chuma kilichokufa.

Mgeni alipoondoka, baba alianza kutafuta vitu: plagi, kabureta nyingine, waya, chujio la mafuta. Aliviweka mezani, akavirudisha, akaviweka tena. Aliongea peke yake. "Niliisikiliza mimi mwenyewe," alisema. Baada ya muda akasema tena, "Niliisikiliza kwa sikio langu." Akachukua ile bisibisi ndefu akaiangalia ncha yake kana kwamba imemdanganya. Hapo ndipo hatia iliponishika. Si majirani, si hata jembe la mkono. Nilimwona baba yangu ameanza kushuku masikio yake, na mimi nilijua masikio yake hayakuwa na kosa lolote.

Nilikwenda nyuma ya kitanda, nikarudi na kibuyu, nikakipindua juu ya meza. Kamba ikaanguka katikati ya plagi zake.

"Baba, haijakufa," nikasema. "Niko nayo."

Akaitambua mara moja, kwa mpini. Akauliza nilichukua lini, nikamwambia alipokuwa akinywa chai. Akauliza kwa nini.

"Ndio usiende Lukenya."

Akakaa juu ya tairi. Nilingoja anichape, na kusema kweli ningependa anichape, yaishe. Hakunichapa. Aliniambia nieleze kuanzia mwanzo, nami nikaeleza: Susu, trekta nyekundu, tangi la maji, Mzee Abdi na kamba zake mbili begani. Alisikiliza amefumba macho, vilevile kama alivyosikiliza injini. Mwishowe akasema tulale mapema, kesho tunaenda Kalama.

Kutoka barabarani unaona matuta ya Kalama kama ngazi. Asubuhi ile kila ngazi ilikuwa na mistari ya mahindi ya urefu wa vidole viwili, kijani kibichi, shamba baada ya shamba, mpaka unafika kwa Mama Ndinda. Hapo udongo ulikuwa mtupu, mwekundu, umeota magugu, isipokuwa kipande kimoja juu alichokuwa amelima kwa mkono. Alikuja kutupokea akiwa na matope hadi magotini, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Na kwenye ndoano ya trekta, pale nilipoiba, zilining'inia kamba: ya Sajini, ya Koplo, ya kuanikia nguo, na utepe uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli.

Sitasahau kwamba yeye ndiye aliyeanza kuomba msamaha.

"Fundi, unisamehe," akasema. "Kamba zangu zote zimekataa. Ya Koplo ilishika kidogo, ikachomoka, nikaangukia mkono. Sikutaka kukusumbua, kwa sababu kamba ni ya mnunuzi. Niliona hukuniachia yako, nikasema, huyu mtu amelelewa vizuri."

Baba akanisukuma mgongoni, polepole. Nikaenda nimeshika kamba kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu, nikamwambia kwamba baba hakujua lolote, kwamba ni mimi. Aliniangalia kwa muda mrefu kutoka chini ya ile kofia. Akauliza nani aliyenifundisha.

"Ni Susu," nikasema. "Na wewe. Nilikuona na Sajini."

Akageuka akaangalia kamba zake zilizotundikwa pale kwenye ndoano, akaangalia ile mikononi mwangu, akaangalia shamba lake.

"Basi tulikuwa wawili," akasema.

Sijui kama alitabasamu. Miaka yote nimejaribu kukumbuka na kila mara ninapata jibu tofauti. Baba akaniambia niiwashe mimi. Niliingiza fundo, nikazungusha mara tatu, nikavuta kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, ikakohoa ikalala. Mara ya pili ikaamka. Mama Ndinda akapanda kitini, baba akatembea nyuma akirekebisha plau, na mimi nyuma yao wote na kikapu, punje mbili za mahindi, punje moja ya maharagwe, kwenda na kurudi, hadi jua likatua na mgongo wangu ukakataa kunyooka. Hakuna aliyenipa pole, na sikustahili.

Tulimaliza matuta yote, lakini tulikuwa tumechelewa siku tisa. Mtu wa kwingine anaweza kuona siku tisa si kitu. Kwetu mvua haingojei mtu. Ilipokatika, mahindi ya majirani yalikuwa yamebeba, yake yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa nywele. Alivuna maharagwe, mbaazi zikamsaidia baadaye, mahindi akapata kidogo sana. Baba alimpelekea gunia kutoka shamba letu, na tukala kwa kujibana hadi msimu uliofuata. Gunia lilirudi limejaa mbaazi. Hadi leo mvua ya kwanza ikinyesha Syokimau ninakoishi, watu wa ghorofani kwetu wakifurahi kwamba vumbi limetulia, mimi huhesabu siku kwa vidole bila kujua ninafanya hivyo.

Baba hakwenda Lukenya. Hadithi ya msichana aliyeiba kamba ya trekta ili abaki na bahati ilizunguka kuanzia Kalama, ikafika soko la Mitaboni kabla yetu. Watu walikuja bandani kunicheka. Walitaka kuniona, wakataka nieleze tena, wakataka kujua kama ni kweli nilimuuliza Susu kuhusu kuku. Wakiwa pale waliangalia trekta. Wengine walirudi. Na tangu mwaka ule baba alitengeneza kamba mbili kwa kila trekta, zenye mipini iliyotoka kwenye kipande kimoja cha mukau. Moja iliondoka na mnunuzi, moja ikabaki ukutani. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ni spea, mtu akipoteza yake. Susu alikuwa amekaa mlangoni, akaniangalia akavuta ugoro wake.

Zile ndizo kamba nilizozikuta Jumamosi. Nilizipita moja moja, nikijaribu kukumbuka ipi ni ya nani, hadi nikafika msumari wa mwisho karibu na dirisha. Hapo zilikuwa mbili. Moja safi, mpini mweupe. Ya pili mpini wake ulikuwa mweusi, umelainika kwa viganja vya miaka mingi, na kamba imeunganishwa mahali pawili kwa uzi wa gunia.

Mama Ndinda alifariki mwaka jana. Hilo nililijua. Lililonipita ni kwamba miezi michache kabla, magoti yalipomshinda kabisa, aliiuza trekta ya kijani kwa jirani yake. Baba alinieleza akiwa amesimama nyuma yangu, na sikugeuka, kwa sababu ya uso wangu. Alisema mama huyo alisafiri hadi mjini akanunua kamba mpya ya nailoni, akaipiga fundo mwenyewe, akaijaribu mara tatu mbele ya mnunuzi ashuhudie kwamba inawasha. Hii kuukuu akabaki nayo. Baada ya mazishi, mwanawe aliileta bandani imefungwa kwa leso. Baba alinyoosha mkono aipokee, naye akairudisha nyuma. Alikuwa ameagizwa maneno.

"Mama alisema si ya fundi," akamwambia. "Ni ya yule msichana."

Nilikuwa bado nimesimama pale mnunuzi wa banda alipofika kulipokea, kijana wa hapahapa Mitaboni anayetengeneza bodaboda na sasa anataka kuongeza trekta. Aliangalia ukuta akafurahi, akasema kamba zote hizo zitamfaa. Baba akamwambia ni zake, zote zilizo ukutani. Kisha akanyoosha mkono, akashusha ile yenye mpini mweusi, akaniwekea kiganjani na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Banda nimeuza," akasema. "Hii si ya banda."

Tukatoka. Baba akafungua kufuli lake kuukuu kwenye kitasa cha mlango, akalitia mfukoni. Nilitaka kumwambia yule kijana kwamba huku kwetu mambo ni hivi, asishangae. Lakini alikuwa tayari ameingiza mkono kwenye begi lake, akatoa kufuli jipya ambalo hakuna aliyemwambia alete.